Namna ya kusoma historia ya dunia chuo kikuu ukiwa Mombasa

Mwaka wa masomo ukianza tu, wanafunzi hunijia na hofu moja: dunia nzima wataimaliza vipi kwa muhula mmoja? Wameshapewa orodha ya mada, wameona China ya Ming, sukari ya Karibi, mapinduzi ya viwanda, vita vikuu viwili na vita baridi, wakahisi mzigo umewazidi. Mimi ni mzaliwa wa Kuze, Mji wa Kale, na nimefundisha kozi hii hapa Pwani kwa miaka mingi. Jibu langu ni lile lile. Humalizi, wala hukutakiwa umalize. Historia ya dunia katika ngazi ya chuo kikuu haina maana ya historia ya kila nchi, zikipangwa moja baada ya nyingine mpaka pumzi ikate. Ni namna ya kuuliza: jambo hili lililotokea hapa lilisukumwa na nini kutoka kwingine, lilipitia mikono ya nani, nani alifaidi na nani alilipa?

Mwanafunzi wa Mombasa ana mtaji mkubwa wa kuuliza hivyo, na inaniuma kuona mtaji ukitupwa. Naletewa insha juu ya viwanda vya Uingereza, imenakiliwa kutoka noti za miaka iliyopita, na aliyeiandika anapita mbele ya Fort Jesus kila asubuhi akienda kupanda matatu. Uingereza ni mada nzuri, ifundishwe. Ila insha ile ingeweza kuandikwa na mtu yeyote, popote, kwa sababu ndani yake hamna swali la mwandishi. Basi haya ninayoandika hapa ni yale ninayowaambia wanangu darasani, kwa anayeanza shahada ya kwanza na kwa anayejiandaa kwa uzamili.

Anza na kitu unachoweza kusimama mbele yake

Nenda Ngomeni, yaani Fort Jesus. Juu ya mlango wa kuingilia kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno. Watalii hulipiga picha na kupita. Wewe simama. Tafsiri yake imechapishwa na haipatikani kwa shida, kwa hiyo Kireno kisikutishe.

Jiwe linasema kwamba mwaka 1635 Francisco de Seixas de Cabreira, akiwa na umri wa miaka 27, alikuwa kapteni wa ngome hii na aliijenga upya. Linasema aliwarudisha watu wa pwani chini ya mfalme wake baada ya kuasi pamoja na mtawala wao dhalimu. Aliwalipisha kodi wafalme wa miji ya pwani, Luziwa ikiwa mmojawapo. Aliiadhibu Pate na Siyu hata kuta za miji yao zikabomolewa. Aliwaadhibu watu wa bara, nyuma ya kisiwa, ambao Wareno waliwaita Musungulos. Akavuka Pemba akawaua viongozi na wakubwa wa huko. Kisha jiwe linataja malipo yake: cheo katika nyumba ya mfalme, milrei 50 (fedha ya Kireno) kila mwaka, na ugavana wa Jafanapatam kwa miaka sita.

Jafanapatam ni Jaffna, kaskazini mwa Sri Lanka. Hapo ndipo ninapowasimamisha wanafunzi. Mtu amebomoa kuta za Siyu, na ujira wake umetolewa Sri Lanka. Na yule mfalme anayetajwa juu ya jiwe, alikaa wapi? Kati ya 1580 na 1640 taji la Ureno lilikuwa juu ya kichwa cha mfalme wa Hispania, kwa hiyo kodi ya Luziwa ilidaiwa kwa jina la mtu wa Madrid. Ngome yenyewe ilianza kujengwa 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano wa Milan aliyekuwa akifanya kazi Goa, makao makuu ya Wareno nchini India, na mawe yake ni matumbawe ya hapa hapa. Hujaondoka mlangoni, na tayari una Pwani yetu, Goa, Sri Lanka, Madrid na Milan.

Fanya zoezi hili. Chora safu tatu daftarini. Ya kwanza, kila mahali palipotajwa. Zitafute zote ramanini, hata zile zisizokuwepo tena. Ya pili, watu: nani ana jina, nani hana. Utaona Cabreira ana jina na umri na cheo, na waliouawa Pemba ni "viongozi" tu. Ya tatu ni maswali ambayo jiwe linakulazimisha uulize bila kuyajibu. Kwa nini ngome ya 1593 ilihitaji kujengwa upya miaka 40 baadaye? Na huyo mtawala dhalimu, mbona hakutajwa?

Ni Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani Hasan, aliuawa mwaka 1614 kwa njama ya Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri Waagustino, akabatizwa Jerónimo, kisha akarudishwa kutawala Mombasa akiwa mfalme Mkristo. Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamchoma kisu kapteni wa Kireno, akarudi kwenye Uislamu na kuuteka mji. Wareno walituma meli kutoka Goa mwaka 1632 wakashindwa. Yusuf akaibomoa ngome kiasi alichoweza, akaondoka kwa merikebu, akawa akiwashambulia Wareno baharini mpaka alipofariki 1638 upande wa Bahari ya Shamu.

Maisha ya mtu mmoja yanakupitisha Mombasa, Goa, na Bahari ya Shamu, na yanakuuliza maswali magumu kuliko orodha yoyote ya tarehe. Dini ni imani au ni siasa? Mtoto anayelelewa na waliomuua baba yake anakuwa nani? Dola iliyotawala kwa ngome chache za pwani ilikuwa na nguvu kiasi gani kweli?

Sasa angalia tunayajuaje hayo. Sehemu kubwa ya habari za 1631 imetoka katika ushahidi uliokusanywa Goa na watu wa kanisa waliotaka waliouawa Mombasa watambuliwe kuwa mashahidi wa imani. Shahidi anayehojiwa kwa lengo hilo ataeleza kifo kitakatifu; ndilo alilotakiwa kueleza. Usimtupe kwa sababu hiyo. Msome kwa yale aliyoyasema bila kukusudia: nani aliishi jirani na nani, wanawake gani wa hapa walikuwa wameolewa na Wareno, watu walikimbilia nyumba ipi. Mara nyingi chanzo husema ukweli pale ambapo hakikuwa na haja ya kudanganya.

Usianze na 1498

Insha nyingi zinaanza na Vasco da Gama kutia nanga Mombasa mwezi wa Aprili, 1498, kana kwamba bahari ilikuwa imelala ikimsubiri. Msafiri Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331, akalala usiku mmoja, akaeleza ndizi na samaki waliokuwa chakula cha watu. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifikisha twiga kwa mfalme wa China. Ukianza na Mreno, unamfanya yeye kuwa chanzo cha mwendo, wakati alikuta njia, bandari, na rubani wa meli.

Na rubani huyo, tafadhali, msiandike tena kwamba alikuwa Ahmad ibn Majid, baharia mashuhuri wa Kiarabu. Wanahistoria wamekwisha kulikataa dai hilo. Baadhi ya vyanzo vya Kireno vinamtaja kama mtu wa Gujarat, na habari ya Ibn Majid ilitoka kwa mwandishi wa Makka wa karne ya 16 aliyeandika miongo kadhaa baadaye. Mtahini akiikuta katika karatasi yako, anajua hukusoma zaidi ya kitabu cha sekondari.

Hata Ibn Battuta msome kwa uangalifu. Alisimulia safari zake baada ya kurudi Morocco, zaidi ya miaka 20 tangu alale Mombasa, na mwandishi mwingine ndiye aliyekuwa akiandika. Ndizi alizikumbuka. Nini alisahau?

Kusoma vitabu vizito bila kuzama

Utapewa kurasa 200 kwa wiki, na hukai maktaba kutwa. Wengine mnauza duka la ndugu jioni, wengine mnavuka Likoni kila siku na foleni ya feri inawala saa nzima. Soma hivi. Anza na utangulizi na sura ya mwisho. Andika kwa sentensi moja, kwa maneno yako, mwandishi anadai nini. Ukishindwa, bado hujaelewa, rudia. Kisha angalia anabishana na nani. Karibu kila kitabu cha historia kimeandikwa kumjibu mtu. Baada ya hapo fungua tanbihi. Tanbihi ndizo zinazokuonyesha amekaa katika makavazi gani (nyumba za kuhifadhi nyaraka), anasoma lugha zipi, na wapi amekisia. Sura za katikati chagua moja au mbili, uzisome kwa kituo, kalamu mkononi.

Wapambanishe waandishi. Mfano ninaoutumia kila mwaka: mwanahistoria Walter Rodney, mwaka 1972, akiwa anafundisha Dar es Salaam, alidai kwamba utajiri wa Ulaya na umaskini wa Afrika ni pande mbili za jambo moja. Mwaka 2000 mwanahistoria Kenneth Pomeranz akaja na hoja kwamba mpaka karne ya 18 bonde la Yangzi nchini China na Uingereza zilikuwa zikikaribiana kwa maisha na uzalishaji, na kwamba kilichoivusha Uingereza ni makaa ya mawe yaliyokuwa karibu na viwanda pamoja na ardhi ya Amerika iliyolimwa na watumwa. Waweke mezani wote wawili. Rodney anakuuliza kuhusu unyonyaji, Pomeranz anakuuliza kuhusu China na makaa. Wapi wanakubaliana? Amerika na watumwa wamo kwa wote wawili. Wapi wanaachana? Afrika yenyewe inachukua nafasi ndogo kwa Pomeranz. Ukiweza kuandika aya mbili juu ya hilo, semina hiyo umeimudu.

Kwa upande wa Afrika, UNESCO ilitoa historia ya bara zima katika juzuu 8, na zinapatikana bure mtandaoni. Pakua ukiwa kwenye mtandao wa chuo, usichome bando lako. Gawaneni kazi na wenzako watatu au wanne, kila mmoja asome sura yake na awaeleze wengine kwa mdomo, bila kusoma karatasi. Anayeweza kueleza kwa mdomo ameelewa.

Fuata kitu kimoja mpaka mwisho wa njia yake

Mada ninayoipenda kuliko zote ni nguo ya merikani, kwa sababu nyanya zetu waliijua kwa mikono na inafika mbali kupita kiasi. Mwaka 1833 Marekani na Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, walitia saini mkataba wa biashara. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakaleta Unguja shehena za nguo nzito ya pamba isiyopaushwa, ikasambaa pwani yote na kupelekwa bara na misafara. Wakirudi walibeba sandarusi, utomvu mkavu wa miti, kwa ajili ya vanishi, na pembe za ndovu ambazo katika viwanda vya Connecticut zilikatwa kuwa vibonyezo vya piano.

Mwanafunzi akifika hapo hufurahi, na insha inajaa maneno kama mtandao, muunganiko, mzunguko. Hapo namzuia. Kuunganishwa bado hakujaeleza chochote. Rudi kwenye swali la nani alilipa. Pamba ya viwanda vya Massachusetts ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Pembe zilibebwa mabegani mwa wapagazi kutoka bara, na baadhi ya misafara iliongozana na watu waliokuwa wenyewe wakipelekwa kuuzwa. Msichana anayecheza piano New England na mwanamke anayejifunga merikani Mombasa wameunganishwa kweli, na katikati yao kuna utumwa pande zote mbili za dunia. Insha inayosahau hilo ni tangazo la biashara.

Kisha tafuta mahali ambapo njia ilikatika, kwa sababu mkatiko hueleza mengi kuliko mwendo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikausha pamba. Merikani ikapanda bei na kuadimika. Nguo za Uingereza na za viwanda vipya vya Bombay zikajaza pengo, na Wamarekani wakapoteza nafasi waliyokuwa nayo. Vita vilivyopiganwa Virginia vilibadilisha nguo sokoni Mombasa. Tena usidhani wanunuzi wa hapa walikuwa wakipokea tu. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt, mwaka 2008, alionyesha jinsi matakwa yao, uzito wa nguo, upana, rangi, yalivyowalazimisha wenye viwanda wa mbali kubadilisha walichotengeneza. Shehena isiyopendwa ilikaa ghalani hadi iuzwe kwa hasara. Mtu yeyote aliyesimama na mama yake Barabara ya Biashara akichagua leso, akaona leso nzuri kabisa ikirudishwa kwa sababu pindo si lenyewe, hatashangaa.

Wewe unaweza kufuata karafuu, tende, chai, saruji ya Bamburi, mafuta ya taa, saa za ukutani. Kitu kikiwa kidogo, njia yake inaonekana vizuri zaidi.

Vyanzo viko wapi

Makumbusho ya Fort Jesus kwanza. Mle ndani utaona vyombo vya kaure vya China vilivyochimbwa pwani hii, na vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanna, merikebu ya Kireno iliyozama chini ya ngome mwaka 1697, wakati Waomani wameizingira. Omba kuonana na watu wa maktaba na utafiti, nenda na barua ya idara yako, na nenda asubuhi.

Makavazi ya Taifa yako Nairobi, na humo mna mafaili ya utawala wa Mkoa wa Pwani. Kabla ya kulipa nauli, orodhesha unachotafuta: miaka, wilaya, aina ya faili. Makavazi ya Zanzibar yana nyaraka za Kiarabu, za Kiingereza na za Kijerumani, na kwa mada za karne ya 19 hayana mbadala. Kwa asiye na nauli ya ndege, Maktaba ya Kidijitali ya Qatar imeweka mtandaoni rekodi nyingi za Waingereza wa India zinazogusa Oman na Ghuba, na Oman ndiyo iliyokuwa ikitutawala.

Jua pia kwamba makavazi yana mashimo, na mashimo mengine yalichimbwa kwa makusudi. Waingereza walipokuwa wakiondoka Kenya walichoma mafaili mengine na mengine wakayasafirisha kwao. Walikiri kuwa nayo mwaka 2011 tu, wakati wazee wa Mau Mau wameishitaki serikali yao London. Sasa yanasomwa Kew, London, kwenye Makavazi ya Taifa ya Uingereza. Unapoandika juu ya miaka ya 1950 bila kuzingatia hilo, unaandika kwa kutumia masalio ambayo mtu mwingine alikuchagulia.

Halafu kuna wazee. Mwanafunzi wangu mmoja alitaka kuandika juu ya majahazi, akaenda Bandari ya Kale kwa nahodha mstaafu. Alianza hivi: "Ami, nieleze historia ya biashara ya Bahari ya Hindi." Mzee akamjibu, "Hayo waulize waliosoma, mwanangu." Nikamrudisha na maswali mengine. Safari ya pili alikaa, akasalimia, akauliza habari za nyumbani, kahawa ikaja, ndipo akasema, "Ami, mlipokuwa mkienda Uarabuni mlipakia nini?"

"Boriti. Mikoko ya Lamu."

"Na mkija?"

"Tende, chumvi, papa mkavu. Mazulia, kwa mwenye pesa."

"Na ukiikosa kusi?"

"Ukiikosa kusi umekwama hapa mpaka mwakani. Na deni la boriti linakwama nawe."

Mazungumzo yale yalizaa sura nzima. Kusi ndiyo inayopeleka vyombo kaskazini, kati ya Aprili na Septemba. Kaskazi huwaleta kuanzia Novemba hadi Machi. Kalenda ya mikopo, ya ndoa, ya kuajiri mabaharia, yote ilifuata pepo hizo mbili. Hakuna kitabu kilichomwambia kijana yule habari ya deni kukwama bandarini. Ilitoka kwa aliyewahi kudaiwa. Muulize mzee alichofanya kwa mikono yake, bei, chakula, hofu. Omba ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti cha simu. Ukishaandika, mrudishie umsomee, na akikwambia jambo hili lisitoke, lisitoke.

Lugha

Kama umesoma madrasa, una hazina na pengine hujui. Unazijua herufi za Kiarabu, na kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi hizo: barua, hesabu za biashara, mashairi, hati za mashamba. Kule Goa zimehifadhiwa barua za Kiswahili za mwaka 1711 zilizoandikwa Kilwa kwa hati hiyo. Watafiti wa nchi za mbali hutumia miaka kujifunza Kiswahili na kisha herufi hizo, ili wafike pale ulipo wewe ukiwa na umri wa miaka 19. Ongeza mazoezi ya kusoma mwandiko wa mkono, maana haufanani na msahafu uliochapwa.

Kama una mwaka mzima wa ziada, jifunze Kireno cha kusoma tu, bila kujali kuzungumza. Kigujarati kiko mtaani kwetu; waliokizungumza nyumbani wana njia ya kuingia katika daftari za biashara ambazo wanahistoria wachache sana wamewahi kuzifungua.

Kuandika na kulinganisha

Sentensi ya kwanza ya insha isianze na "tangu zama za kale binadamu". Ianze na mahali, mwaka na tatizo. "Mwaka 1861 nguo ya merikani ilianza kupanda bei pwani ya Afrika Mashariki, na chanzo chake kilikuwa vita vya ng'ambo ya Atlantiki." Msomaji ameshajua anakwenda wapi.

Ujue pia kwamba kuunganisha na kulinganisha ni kazi mbili tofauti. Kila mwaka napata insha za kulinganisha reli ya Uganda ya wakati wa ukoloni na SGR, reli yetu mpya, na nyingi zinatangaza ukoloni mpya kwenye aya ya kwanza kisha hazitoi hoja tena. Mada ni nzuri, ifanyie kazi. Reli ya kwanza ilianza Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901, kwa amri na fedha za serikali ya Uingereza, na wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India. Karibu 2,500 walikufa. SGR ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, kwa mkopo ambao serikali ya Kenya yenyewe iliuchukua kwa benki ya Exim ya China. Linganisha kwa vipimo vile vile pande zote: nani aliamua, nani alikopa, nani alifanya kazi, nani analipa na kwa muda gani. Mwaka 1896 hakuna mtu wa hapa aliyeulizwa. Kwa SGR tulikuwa na Bunge letu. Tofauti hiyo inaweza kuifanya hukumu yako iwe kali zaidi au nyepesi zaidi, ila huwezi kuiruka.

Tanbihi andika unapoandika sentensi, usiseme utarudi. Usimpe mtu wala mashine ikuandikie. Msimamizi atakuuliza swali moja juu ya ukurasa wa tatu na utabaki unatazama dirisha. Weka nakala ya kazi yako mahali pawili, kwa sababu simu huibiwa na kompyuta za saiba hufutwa kila jioni.

Siku ya kuonana na msimamizi kwa mara ya kwanza, usiende mikono mitupu wala usiende na kurasa 30. Chukua karatasi moja. Juu yake andika swali lako kwa sentensi moja yenye mahali na mwaka. Chini yake vyanzo viwili ambavyo tayari umevishika au umevisoma, na useme kila kimoja kiliandikwa na nani kwa ajili ya nani. Kisha waandishi wawili wanaopingana juu ya jambo hilo. Mwisho andika ni ushahidi gani, ukipatikana, utakaokulazimisha ubadilishe mawazo. Mstari huo wa mwisho ndio ninaousoma wa kwanza.